Deli ya Kiyahudi na mgahawa wa kosheri si kitu kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni juu ya makala ya ukurasa wenu wa safari iliyowashauri Waislamu wanaofika New York kwamba, wakikosa chakula cha halali, waingie katika mgahawa wowote wa Kiyahudi, kwa kuwa nyama yote ya humo imechinjwa kwa sheria. Mwandishi alitoa mfano wa Katz's Delicatessen, deli (yaani mgahawa wa Kiyahudi wa nyama za chumvi na sandwichi) ya Houston Street, akaeleza utamu wa sandwichi yake, kisha akamalizia kwa kusema kwamba migahawa ya aina hiyo inatoweka kwa sababu Wayahudi wa Marekani wameiacha dini yao. Nia yake ilikuwa njema, na sina shaka kwamba alikula akashiba. Lakini makala ile ina kasoro mbili, na ya kwanza inaweza kumfanya msafiri ale kitu ambacho asingekigusa kama angeelezwa vizuri.

Katz's si mgahawa wa kosheri, yaani unaofuata sheria za chakula za dini ya Kiyahudi. Historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1888, na ipo katika mtaa wa Lower East Side, ambao wakati huo ulikuwa ukipokea Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki kwa maelfu, kwa hiyo hakuna awezaye kukana kwamba ni ya Kiyahudi. Hata hivyo hufunguliwa Jumamosi kama siku nyingine, haina cheti cha rabi (mwanachuoni wa dini ya Kiyahudi), na huuza sandwichi iitwayo Reuben, ambayo ni nyama ya ng'ombe na jibini ndani ya mkate mmoja, mchanganyiko ambao kosheri inaukataza. Wenye duka hawalifichi jambo hilo. Aliyekosea ni mgeni aliyeona jina, picha za zamani ukutani na foleni ya watu, akadhani kwamba amekwisha kuona cheti.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nimeishi Brooklyn miaka mingi. Kwa muda nilifanya kazi katika mgahawa wa kosheri, kwanza nikiosha vyombo, baadaye nikikata mboga, na ninayoyaeleza hapa kuhusu jiko lao niliyaona kwa macho yangu.

Sheria za kosheri chimbuko lake ni Torati, hasa Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14: mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anayecheua, samaki awe na mapezi na magamba, na damu isiliwe. Hadi hapo msomaji Mwislamu atajiona yuko nyumbani, isipokuwa kwa ngamia, ambaye kwao hafai na kwetu anafaa, na kwa kamba na kaa, ambao sisi watu wa pwani tungeona taabu kubwa kuachana nao. Mchinjaji lazima awe Myahudi aliyesomea kazi hiyo. Hutumia kisu kirefu kisicho na pengo hata dogo, na hukipitishia ukucha kukikagua kabla ya kuchinja na baada yake. Mnyama akishachinjwa, mapafu yake hutazamwa kama yana kovu au tundu, na nyama hulowekwa majini nusu saa kisha hufunikwa kwa chumvi saa nzima ili damu itoke.

Kinachougharimu mgahawa zaidi, hata hivyo, si kuchinja. Ni amri fupi iliyorudiwa mara tatu katika Torati, kwamba mwana-mbuzi asitokoswe katika maziwa ya mama yake, ambayo kutokana nayo marabi walijenga katazo kamili la kuchanganya nyama na maziwa, si ndani ya sufuria tu bali hata mezani, hata katika visu, sahani, masinki na taulo za kufutia vyombo. Aliyekula nyama hungoja kabla ya kula kitu chenye maziwa, na katika jamii nyingi zenye asili ya Ulaya ya Mashariki hungoja saa sita. Kwa sababu hiyo mgahawa wa kosheri huchagua kuwa wa nyama au kuwa wa maziwa, na ukishachagua haugeuki. Ukiingia katika ule wa nyama ukaomba kahawa, utapewa kahawa na kitu cheupe kilichotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Ukitaka keki ya jibini, utaambiwa uende mtaa wa pili.

Jikoni nilimofanyia kazi, msimamizi aliyewekwa na marabi alifika mapema kuliko mpishi na kuwasha moto kwa mkono wake, kwa sababu kuna vyakula ambavyo lazima Myahudi ashiriki katika kuvipika. Kila yai lilivunjwa kwanza ndani ya bilauri na kutazamwa kama lina tone la damu. Majani ya saladi yalikaguliwa jani kwa jani mbele ya taa, kwa kuwa mdudu aliyejificha ndani yake ni haramu, na siku za wateja wengi nilitamani saladi isingekuwapo kabisa duniani. Sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kuingia na chakula chetu kutoka nyumbani, hata kama ni wali mkavu. Msimamizi huyo hulipwa mshahara kila siku ya kazi, cheti kina ada yake, nyama huuzwa ghali kuliko ya kawaida, na mwenye mgahawa akiwa Myahudi hufunga tangu Ijumaa kabla ya jua kuzama hadi Jumamosi usiku, yaani hukosa mapato ya usiku wa Ijumaa na mchana wa Jumamosi, nyakati ambazo migahawa mingine hujaa. Ndiyo maana wengi waliotaka kuuza chakula cha Kiyahudi waliamua kubaki na chakula na kuachana na cheti.

Kabla sijafika kwenye historia hiyo, niseme kidogo juu ya nyama yenyewe, ambayo mwandishi aliisifu bila kueleza kwa nini iko vile ilivyo. Katika Mwanzo sura ya 32, Yakobo anashindana mweleka usiku kucha na kuumizwa nyonga, na kwa kumbukumbu hiyo Wayahudi hawali mshipa wa paja. Kuutoa mshipa huo pamoja na mafuta yaliyokatazwa ni kazi ya fundi na huchukua muda mrefu, kwa hiyo nchini Marekani sehemu ya nyuma ya ng'ombe aliyechinjwa kwa kosheri kwa kawaida huuzwa kwa mabucha ya watu wengine. Sarara na steki ya paja, ambazo muuza nyama wa Tanga angekukatia kwa bei ya juu, hazifiki katika bucha la kosheri. Wayahudi walibaki na sehemu ya mbele, zikiwemo kidari na nyama ya tumboni, ambazo ni ngumu, zina nyuzi na zimejaa mafuta, na ufundi wote wa deli ulizaliwa katika jitihada za kuzilainisha. Pastrami, ambayo ufundi wake uliletwa na Wayahudi wa Romania, ni nyama ya tumboni iliyokaa siku kadhaa katika maji ya chumvi na kitunguu saumu, ikapakwa giligilani na pilipili manga, ikafukizwa moshi, kisha ikapikwa kwa mvuke mpaka kisu kipite bila kulazimishwa. Kidari cha chumvi hakipiti motoni kwa moshi; hulowekwa na kuchemshwa tu. Vyote viwili huliwa kwa mkate wa nafaka ya rai, haradali na achari ya matango, bila siagi. Msomaji ataona kwamba hata deli isiyofuata sheria leo bado inauza chakula ambacho sheria ndiyo iliyokiumba.

Sasa nije kwenye dai la pili la makala, kwamba migahawa hii inatoweka kwa sababu dini imeachwa. Ni kweli kwamba deli zimepungua mno. Katika miaka ya 1930 jiji la New York lilikuwa na deli za kosheri zaidi ya 1,500. Leo anayetaka kuzihesabu hahitaji siku nzima. Lakini sababu yake ni ya mitaa zaidi kuliko ya imani. Kati ya mwaka 1881 na 1924, Bunge la Marekani lilipofunga mlango wa uhamiaji, Wayahudi wapatao milioni mbili waliingia nchini kutoka Ulaya ya Mashariki, na wengi wao walisongamana katika mitaa michache: Lower East Side kwanza, kisha Brownsville na sehemu nyingine za Brooklyn, kisha Bronx. Kila mtaa ulikuwa na sinagogi zake, mabucha yake, viwanda vyake vya mikate na deli zake, na mteja alitoka nyumbani kwa miguu. Nyama ya kosheri ilikuwa jambo la kila kaya, hata ikawa jambo la siasa: Mei 1902, bei ilipopanda kutoka senti 12 hadi senti 18 kwa ratili, akina mama wa Lower East Side waligoma kununua, wakaingia mabuchani, wakaitupa nyama barabarani na kuimwagia mafuta ya taa.

Watoto wa wahamiaji hao ndio waliozijaza deli. Wengi hawakuwa tena washika dini sana. Walifanya kazi Jumamosi, na walikula deli Jumapili jioni kwa sababu ladha ilikuwa ya nyumbani kwao na watu waliokaa meza ya jirani walikuwa watu wao. Ni kwao kwamba deli ya mtindo wa kosheri, isiyo na cheti, ilipata wateja: ina nyama zile zile na achari zile zile, lakini mwenye kutaka jibini hupewa, na baadhi ya deli za namna hiyo katika miji mingine huuza hata nyama ya nguruwe. Baada ya vita kuu vilivyoisha mwaka 1945 familia hizo zilihamia viungani, maduka makubwa yakaanza kuuza kidari kilichokatwa na kufungwa tayari, na deli zikabaki katika mitaa ambayo wateja wake walikuwa wameondoka. Washika dini wenye msimamo mkali hawakuwahi kuwa nguzo yake. Wengi wao hawakukanyaga katika deli iliyofunguliwa siku ya Sabato, hata kama nyama ilikuwa ya kosheri.

Mfano mzuri ni 2nd Ave Deli, ambayo ingefaa makala yenu kuliko Katz's. Abe Lebewohl, mzaliwa wa Ukraine aliyefika Marekani kama mkimbizi, aliifungua mwaka 1954 kwenye kona ya Second Avenue na barabara ya 10, katika mtaa uliokuwa maarufu kwa kumbi za maigizo ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mbele ya mlango aliweka kando ya barabara nyota zenye majina ya waigizaji wa lugha hiyo. Machi 1996 alipigwa risasi akiwa njiani kupeleka fedha benki, na aliyemuua hakupatikana. Ndugu zake waliendelea na kazi mpaka Januari 2006, walipofunga kwa sababu ya mgogoro wa kodi ya pango, na mwishoni mwa 2007 mpwa wake aliifungua upya katika barabara ya 33, mbali na Second Avenue, ambayo deli hiyo bado inabeba jina lake. Humo nyama ni ya kosheri na cheti kipo, hakuna jibini wala siagi. Lakini hufunguliwa Jumamosi, kwa hiyo Wayahudi wengi wa madhehebu ya Orthodox, yaani wanaoshika sheria kwa ukali, hawakitambui cheti hicho. Dini haikuifunga. Iliyoifunga ni kodi ya nyumba, kama ilivyofunga maduka mengi ya mtaa ule yasiyohusiana na dini yoyote. Carnegie Deli, iliyofunguliwa 1937 karibu na ukumbi wa muziki wa jina hilo na kufungwa siku ya mwisho ya mwaka 2016, haikuwa ya kosheri hata kidogo, na kutoweka kwake hakuwezi kuwa ushahidi wa watu kuacha kosheri.

London inaonyesha mwendo huo huo kwa muhtasari. Bloom's, iliyoanza 1920 na kuwa mgahawa wa kosheri uliojulikana kuliko yote katika East End, ilifunga mlango wake wa Whitechapel mwaka 1996, wakati mtaa ulikuwa umekwisha kuwa wa Wabengali; tawi lake la Golders Green, walikohamia Wayahudi, lilidumu mpaka 2010. Brick Lane leo bado kuna duka la beigeli (mkate wa duara wenye tundu) lisilofunga usiku wala mchana, ambalo huuza kidari cha chumvi na halina cheti. Aliyetaka cheti huenda Golders Green.

Na hapa ndipo makala ilipopotoka zaidi, kwa sababu mwandishi alitafuta migahawa ya kosheri mahali ilipokuwa zamani, akakosa, akahitimisha kwamba imekwisha. Angepanda treni hadi Brooklyn angeikuta imejaa. Katika 13th Avenue ya Borough Park, mtaa wa Wahasidi (Wayahudi washika dini sana), kuna piza za kosheri zisizo na kipande cha nyama, vyakula vya Kichina visivyo na nguruwe wala kamba, na samaki wa Kijapani wa aina zenye magamba tu. Kando ya Kings Highway na Ocean Parkway wanaishi Wayahudi wenye asili ya Aleppo, Syria, ambao chakula chao ni cha Kiarabu kuanzia viungo mpaka halua, na ambao hawajui wala hawajali pastrami ni kitu gani. Coney Island Avenue, ninayoipita karibu kila siku, ina kipande chenye maduka ya halali ya Wapakistani, na ukiendelea kidogo unaingia katika maduka ya kosheri ya Midwood.

Huko Queens, kwenye barabara ya 108, Wayahudi wa Bukhara waliotoka Uzbekistan na Tajikistan, wengi wao baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, wamefungua migahawa ambayo ningemshauri Mswahili yeyote aanzie hapo. Wanaoka mkate wa tanuri, wanachoma mishikaki ya kondoo, ini na kuku, na wana pilau ya nyama na karoti, yenye bizari nyembamba, inayopakuliwa katika sinia ya watu wote. Si pilau yetu, kwa kuwa haina mdalasini wala iliki za kutosha, na karoti zimezidi, lakini hakuna atakayehitaji kuelezwa chakula hiki kinaliwaje. Migahawa mingi ya huko ina cheti, na hufungwa Ijumaa jioni. Hakuna hata mmoja unaofanana na Katz's, na kama mwandishi angepita mlangoni pake labda asingejua kwamba ni wa Kiyahudi.

Iko pia migahawa ya kosheri isiyo ya Wayahudi kabisa, na hiyo ndiyo inayoonyesha wazi zaidi kwamba jina la duka na cheti ni mambo mawili mbalimbali. Katika Lexington Avenue, karibu na barabara ya 28, palipojaa maduka ya Wahindi, migahawa kadhaa ya mboga ya India Kusini imepata vyeti vya kosheri. Kwa kuwa haipiki nyama, tatizo la kutenganisha nyama na maziwa halipo, na kwa kuwa mwenye duka si Myahudi, kufungua Jumamosi hakumzuii kupewa cheti. Nao B&H Dairy, mgahawa mdogo wa maziwa ulioanzishwa 1938 katika Second Avenue, wenye supu, mkate wa mayai uliosukwa na maandazi ya viazi, mmiliki wake ni Mwislamu kutoka Misri na mkewe ni Mkatoliki kutoka Poland, na cheti cha kosheri kipo. Mtaa ule uliwahi kuwa na migahawa mingi ya maziwa ya Kiyahudi. Huu umebaki mikononi mwa watu ambao si Wayahudi, na sheria zinafuatwa. Kwa upande wa Afrika Mashariki, wasomaji wa Uganda wanawajua Abayudaya wa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambao wana wachinjaji wao na hawana haja ya mgahawa wala deli ili kula kosheri.

Kwa msafiri, basi, la kutazama ni cheti, na katika jimbo la New York kuna sababu ya kisheria ya kukitazama kwa makini. Jimbo hilo lilitunga sheria dhidi ya udanganyifu wa kosheri mwaka 1915, na kwa miongo mingi wakaguzi wa serikali walipita madukani wakipima nyama kwa kipimo cha Orthodox. Wenye bucha mmoja wa Commack, Long Island, waliipinga mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubaliana nao kwamba serikali haina mamlaka ya kuchagua tafsiri ya madhehebu moja na kuifanya sheria ya nchi. Sheria iliyokuja badala yake mwaka 2004 haisemi tena kosheri ni nini. Inamtaka anayeuza chakula kwa jina hilo aeleze ni nani aliyemthibitisha. Kwa maneno mengine, serikali imemwachia mlaji kazi ya kusoma. Cheti halali hutundikwa karibu na mlango au nyuma ya sanduku la fedha, kina jina la rabi au la taasisi, kina tarehe ya kumalizika muda wake, na hueleza kama mgahawa ni wa nyama au wa maziwa. Nyota ya Daudi dirishani haithibitishi lolote, wala herufi za Kiebrania. Hata herufi K peke yake kwenye pakiti ya chakula haimfungi mtu, kwa kuwa herufi tupu haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara na yeyote anaweza kuichapa. Alama ya herufi U ndani ya duara, kinyume chake, ni mali ya umoja wa Orthodox, na anayeitumia bila idhini anaweza kushtakiwa.

Kuhusu swali lenyewe la Mwislamu kula nyama ya kosheri, mwandishi alilimaliza kwa sentensi moja, nami sidhani kwamba ni haki yake wala yangu kulimaliza. Aya ya tano ya Sura Al-Maida inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na Waislamu wengi wa Amerika, hasa katika miji isiyo na bucha la halali, wameitegemea kwa miaka mingi. Wapo wasiokubali kwa sababu mchinjaji wa Kiyahudi husoma dua yake mara moja mwanzoni mwa kazi na si kwa kila mnyama. Wapo wanaojibu kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja ni sunna wala si sharti. Masheikh wapo, waulizwe. Ninachoweza kukisema kwa uhakika kama mtu aliyesimama jikoni ni kwamba divai ya kosheri ni halali kwa Wayahudi, hupikiwa nyama, hutiwa katika mchuzi na haitajwi kila mara kwenye orodha ya vyakula. Anayefuata cheti cha kosheri akidhani kwamba kimemkinga na pombe amejidanganya. Mhudumu akiulizwa hujibu bila kukasirika, kwa sababu wateja wake wenyewe huuliza maswali magumu kuliko hayo.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, marekebisho yachapishwe katika ukurasa ule ule wa safari, yakisema kwamba Katz's haina cheti cha kosheri, kwamba migahawa yenye cheti ipo kwa wingi Brooklyn na Queens, na kwamba mingi kati ya hiyo, ikiwa ya Wayahudi, hufungwa tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku, na baadhi hufungwa pia siku zote nane za Pasaka yao, kwa kuwa chachu yote lazima itolewe jikoni. Msafiri anayefika Ijumaa alasiri na njaa yake ajue kwamba ana saa chache tu, na wakati wa baridi saa hizo hupungua zaidi, kwani jua la Desemba huzama New York kabla ya saa kumi na moja jioni.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu, Brooklyn, New York